Pampu ya Mmoja, Kisima cha Wote

Habari ilikuja na watu wa makaa. Jirani yangu Hafsa ndiye aliyeniletea, asubuhi moja ya mwezi wa pili mwaka jana, mafuta ya mahamri yakiwa yameshapata moto jikoni. Hakuketi. Alisimama mlangoni akasema:

"Umesikia, Mama Swabir? Huko juu, njia ya Taru, kisima kimechukua watu wawili. Waliingia kukisafisha, wakatolewa maiti. Hawana jeraha, hawakuzama. Na wanasema kinataka wengine, huku kwetu pia."

"Wengine wangapi?" nikauliza.

"Mmoja kwa kila kisima cha zamani."

Akanunua mahamri manne akaenda zake, kama aliyeniambia bei ya samaki. Mimi nilibaki na habari ile kifuani. Nilikwenda nayo sokoni nikarudi nayo. Niliisalia, haikutoka. Sababu ni kwamba huo ndio mwezi wa kusafisha kisima chetu, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Nyumba yangu ina mwanamume mmoja tu, mwanangu Swabir, wa miaka ishirini na mitatu. Baba yake alifariki zamani. Wa kutoa ni yeye.

Sisi tunakaa Msambweni kwa ndani, upande wa juu wa barabara ya lami. Kisima chetu kilichimbwa na wazee waliotangulia. Ni kipana, kirefu kama mnazi mzima, na ukutani mna vidato vya kukanyagia mtu akishuka. Hakina mwenyewe. Anayetaka maji huteka, awe wa hapa au mpita njia, wala haulizwi neno. Kila mwaka kabla ya mvua za masika, maji yakiwa chini, huitwa mweria, yaani kazi ya watu wote. Wengine huteka maji kwa ndoo mpaka yaishe, wengine hushuka kutoa tope, wanawake hupika. Asiyetoa mtu hutoa kuku. Nilipoolewa hapa walikuwa wakija watu arobaini, na siku ya pili jioni kisima kilikuwa kinang'aa.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana nataka kuandika kweli. Kisima kikiwa cha wote, kamba ya ndoo haikai. Ukiiacha asubuhi, adhuhuri haipo, na ukiuliza, kila mtu ameiona jana. Kifuniko kilivunjika miaka sita iliyopita na hakuna aliyekitengeneza, kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake. Mimi nilinunua kamba yangu mwenyewe, nzuri, ya nailoni ya kijani, nikawa naificha chini ya kitanda. Nilikuwa simwazimi mtu. Mnicheke mkitaka.

Hatua chache kutoka hapo pana kisima cha shemeji yangu, Abdulwahab, ndugu wa marehemu mume wangu. Yeye alifanya kazi hotelini Diani miaka mingi, akaweka akiba, akaleta mashine ikamchimbia. Kina kifuniko cha chuma, tangi, mifereji mitatu na kufuli. Maji ni masafi, hayana chura wala majani. Ni ya kununua. Magharibi ikiingia kufuli linafungwa, na mwaka ule wa ukame mkali alipandisha bei. Nilipomwambia, "Shemeji, hata sisi?" alinijibu, "Hata mimi, shemeji. Pampu haijui nani ni ndugu." Kazi ya pale aliiweka mikononi mwa kijana wa Taru, Fondo, aliyekuwa akilala kwenye kibanda cha mashine. Kijana mpole, mfupi, mwenye kucheka kwa pua. Alikuwa amekaa hapa miaka mitatu bila kwenda kwao, kwa sababu akienda, nani atafungua mifereji?

Basi Abdulwahab ana duka pia hapo kando, na kwenye baraza yake ndipo alipokuwa akija Mzee Kibwana kila baada ya alasiri. Mzee Kibwana ndiye msimamizi wa kisima cha wote. Ujana wake aliupitisha upande wa Tanga, katika kijiji cha ujamaa, na mpaka leo ukimgusa tu anaanza. Mimi huuza bajia karibu na hapo, kwa hiyo mashindano yao nayajua kama nilivyojua jedwali la kuzidisha shuleni.

"Ukomunisti ulikufa, mzee," Abdulwahab alisema siku moja. "Ulikufa huko Urusi, ukazikwa na wenyewe. Wewe bado unauswalia."

"Sisi hatukuwa wakomunisti, tulikuwa wajamaa."

"Tofauti yake ni nini?"

"Wajamaa tulikuwa tunakwenda msikitini."

Watu walicheka, na Abdulwahab naye alicheka. Kisha akaongeza, "Na foleni ya sabuni je? Si ulituambia mwenyewe ulipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande kimoja?"

"Nilipanga," alisema mzee. "Nikarudi mikono mitupu pia. Shamba la wote, wavivu walikuwa wakija saa nne na kugawiwa sawa na mimi niliyekuja saa kumi na mbili. Hayo siyafichi. Lakini nilipovunjika mguu, shamba langu lililimwa lote na sikumwomba mtu. Wewe ukivunjika mguu leo, nani atakulimia?"

"Nitamlipa mtu. Na atafika mapema kuliko hao wako."

"Na ukiwa huna cha kumlipa?"

"Ndiyo maana sivunjiki mguu."

Swabir wangu alikuwa akiyapenda maneno yale kupita kiasi. Amesomea ufundi wa umeme Ukunda, na alikuwa akiniambia usiku tukila, "Mama, wote wawili wana haki nusu nusu. Bepari ana mashine, hana watu. Mkomunisti ana watu, hana mashine. Mwenye akili angeviunganisha." Nami nilimwona ana akili. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku ya mweria ilipokaribia, nilianza kuhangaika. Nilichoma ubani mlango wa mbele na wa nyuma. Nilikwenda kwa maalim akaniandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, nikamnywesha Swabir kwenye chai bila kumwambia. Nilimwomba asiende. "Nitatoa kuku," nilimwambia. "Nitatoa kuku wawili."

"Watu watasema nini, mama? Mwana wa marehemu amejificha nyuma ya kuku?"

"Kisima kinataka mtu."

"Kisima kinataka kutolewa tope." Akanibusu kichwani, akatoka.

Asubuhi ile walikuja watu kumi na mmoja. Arobaini wa zamani hawapo tena. Vijana wako kwenye pikipiki, wako kwenye mahoteli, wengine walituma kuku. Mzee Kibwana aliwahesabu mara mbili, nikaona aibu imemshuka usoni. Kwa watu kumi na mmoja, ndoo zingechukua wiki. Abdulwahab alikuwa amesimama pembeni na kanzu yake safi.

"Mzee," alisema, "nipeni mimi. Nitakisafisha kwa gharama yangu, nikifunike, nikiwekee mfereji. Mtanunua kwa bei ya chini."

"Kisima cha mababu hakifungwi kufuli," alisema Mzee Kibwana.

"Basi tekeni."

Hapo Swabir akaingia kati. Alimwomba ami yake atoe ile pampu yake ndogo ya petroli, ya kumwagilia, ili watu wateke maji kwa mashine kisha watoe tope kwa mikono. Mashine ya mmoja, mikono ya wote. Abdulwahab alifikiri kidogo, akasema haya, chukueni, bure kabisa, na Fondo aje kuiendesha. Mzee Kibwana akakubali haraka, maana alitaka kumaliza siku hiyo hiyo ili aonyeshe kwamba cha wote kinaweza. Nilimwona mwanangu anavyotabasamu.

Waliiweka pampu juu, kwenye mdomo wa kisima. Ikanguruma, haikuvuta. Maji yalikuwa mbali mno chini. Walijaribu mara tatu. Ndipo mmoja akasema, sikumbuki nani, na hata sasa kila mtu anasema si yeye: ishusheni ndani. Walikaza boriti mbili za mikoko kwenye vidato, katikati ya kisima, wakaifunga pampu juu yake, Fondo akashuka kuiwasha akapanda juu. Maji yakatoka kwa nguvu, watu wakashangilia, wanawake tukaimba. Ilinguruma humo ndani karibu saa nzima. Moshi ulikuwa unatoka kidogo tu juu, hafifu, hakuna aliyeujali. Tumezoea moshi jikoni.

Kisha ikazimika. Petroli imekwisha. Fondo akachukua mtungi mdogo, akashuka. Alikuwa akiimba kwa pua. Wimbo ukakatika. Tukasikia mtungi unagonga ukuta, unagonga, unagonga, kisha maji.

"Fondo," Swabir aliita. "We Fondo."

Tukainama wote mdomoni mwa kisima.

Mzee Kibwana akavua shati. "Mimi ndiye niliyewaita, nitashuka mimi." Swabir akamshika. "Wewe mguu wako mbovu, babu. Nashuka mimi." Mguu wake ulikuwa tayari kwenye kidato cha kwanza.

Mimi nilikuwa nimekuja na kamba yangu ya kijani. Niliichukua tangu alfajiri, nimeizungushia kiunoni chini ya leso, kwa ajili yake tu. Sikumwambia mtu. Nilimrukia nikamfunga kifuani mafundo matatu, nikasema hushuki bila hii, niue kwanza. Aliniachia nimfunge kwa sababu nilikuwa nalia na hakutaka kuchelewa.

Alishuka. Akafika kwenye boriti. Nilimwona anainama kumshika Fondo aliyelala kifudifudi juu ya pampu. Akasema, "Mama, miguu..." hakumaliza. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akaning'inia kwenye kamba.

Tulivuta wote. Nasema wote: wale kumi waliobaki na wanawake wa vyungu, na Abdulwahab na kanzu yake, viganja vyake vikatoka damu. Kamba ilikuwa yangu, lakini peke yangu nisingemfikisha popote. Alitoka juu midomo imebadilika rangi, hapumui vizuri. Tukamlaza, tukampepea, akatapika. Alipotapika nilijua yuko hai.

Vijana wawili walikuwa wanang'ang'ania kamba ile washuke kumtoa Fondo. Nikaikalia. Nilikaa juu ya kamba, mwanangu mapajani, nikasema, "Kisima kishapata mtu wake. Asishuke mwingine." Nilisema kwa hofu ya jini wa kisima. Daktari alituambia baadaye kwamba neno lile liliokoa watu, kwani yeyote ambaye angeshuka angebaki humo. Lakini mimi najua nilikuwa nakataa kuifungua kamba kifuani kwa mwanangu. Fondo walimvua kwa kulabu ya kutolea ndoo zilizozama. Ilichukua muda mrefu. Alikuwa ameshakwenda.

Hospitalini daktari alieleza kwa utaratibu, kama anayesomesha watoto. Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Juu, upepo huichukua. Ndani ya shimo haina pa kwenda, hukaa. Mtu akiivuta, nguvu za miguu humwisha kabla hajajua kuna jambo. Anayemfuata humwisha vilevile. "Haya si majini," alisema. "Ni mashine iliyowekwa mahali pasipo pake."

Siku ya tatu akaja mama yake Fondo kutoka Taru, jina lake Mbodze, mwanamke mwembamba, ametembea na mkoba mmoja. Tulimpokea kwangu. Abdulwahab alitoa gari la kumpeleka maiti, mtaa ukachanga sanda, chakula na mafuta ya gari. Kwa hilo hakuna aliyekuwa nyuma, tajiri wala maskini. Lakini kabla ya safari, pale barazani, maneno yalizuka.

"Mimi nilitoa mashine bure," alisema Abdulwahab. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kisima si changu."

"Kisima ni chetu," alisema Mzee Kibwana, "lakini kijana alikuwa mfanyakazi wako. Wewe ndiye uliyemleta."

"Nilimleta kwenye kazi yenu."

"Mashine ni ya nani?"

"Na shimo ni la nani?"

Mbodze aliwasikiliza wote wawili mpaka wakanyamaza. Akauliza, "Huyu mwingine aliyetolewa mzima, alifungwa kamba?"

Nikasema ndiyo.

"Na wangu?"

Fondo alishuka mara mbili mbele ya macho yetu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kamba. Nyumba zetu zilikuwa zimetoa watu kumi na mmoja, kila mtu anamtazama wake. Yeye hakutolewa na nyumba yoyote. Alikuja pamoja na pampu.

"Hapa alikuwa wa nani?" Mbodze aliuliza tena. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Nikamwambia, kwa kutafuta cha kusema, kwamba tulikuwa tumeonywa, kwamba habari ilitufikia ya visima kutaka watu. Akanitazama.

"Ile habari ilitoka kwetu," alisema. "Ni vijana wawili, jirani zangu. Walishusha injini shimoni, ikawaua kwa moshi. Tulisema hivyo hivyo kwa kila aliyepita: msishushe injini. Fondo angekuja nyumbani hata siku moja angeisikia kwa masikio yake."

Habari ilitoka Taru ikiwa na injini ndani yake. Ikapita Kinango, ikapita Kwale, ikashuka Kombani na magunia ya makaa, na kila mdomo ulipunguza kitu na kutia kitu. Ilipofika mlangoni kwangu injini ilikuwa imeshatoka, yamebaki majini. Na mimi niliuliza wangapi. Sikuuliza walikufaje. Wiki nzima niliogopa, kumbe nilikuwa naogopa upande usiokuwa na kitu, na kile cha kuogopa nilikiimbia kikinguruma.

Swabir yuko hai, alhamdulillahi. Mikono inamtetemeka kidogo akishika nyaya, na mara nyingine anasahau alichotumwa. Maneno yake ya kuunganisha hayasemi tena. Mzee Kibwana na Abdulwahab bado wanakaa baraza moja, lakini hawabishani, na ukimya wao unaniogopesha kuliko kelele. Watu huniuliza mimi niko upande gani. Mimi niliishia darasa la saba, sijui dunia itawaliwe vipi. Nimeona cha wote kikikosa wa kukitunza, na nimeona cha mmoja kikitunzwa vizuri kuliko kijana aliyelala kando yake. Siku vilipokutana, kila upande ulidhani mwingine anajua.

Sasa ni mwezi wa pili tena. Jana nilisikia mweria utaitwa Jumamosi, na kwamba mtu wa Tiwi ataleta pampu kubwa zaidi. Swabir amesikia pia. Aliniuliza, bila kunitazama, kamba iko wapi. Sikulala. Nimeandika haya kwa mkono wangu, Hafsa atayachukua yakasomwe kisimani na msikitini, na nimemwomba asiongeze neno wala asipunguze.

Mambo ya kuepuka:

Msishushe injini ya petroli kisimani, hata kidogo, hata kwa dakika chache.

Msiingie kwenye shimo ambalo injini imenguruma, hata kama imezimwa na moshi hauonekani.

Msimfuate aliyeanguka ndani. Mvuteni kwa kamba. Kama hakufungwa, tumieni kulabu, na muwaite watu wa kuokoa.

Asishuke mtu bila kamba kifuani na watu wa kuvuta juu, awe mwana wa nyumba au mtu wa kuajiriwa.

Msikubali mashine ya mtu kabla ya kujua nani atamwangalia anayeiendesha.

Msimnyime likizo anayewafanyia kazi.

Msifiche kamba chini ya kitanda. Yangu nimeitundika kisimani. Nimenunua na ya pili.

Mkisikia mtu amekufa, msiulize wangapi. Ulizeni alikufaje.